Kiti cha Neema na Mafuta ya Ijumaa

Mpendwa somo,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Chaani, juu ya benchi lile lile, na vumbi la malori ya Changamwe linaingia bila hodi kama lilivyozoea. Rukia alinipigia simu kutoka Unguja. Ameniambia kuna asubuhi unaamka na akili yako yote, unauliza watu kwa majina yao, unataka kujua nani kaoa na nani kahama, halafu jua likipanda unaanza kumwita yeye Rukia mama, naye ni binti yako. Akaniomba nikuandikie kitu akusomee asubuhi hizo. "Andika mambo ya karakana, Ami Josefu," alisema, "maana mengine hayasikilizi."

Basi hii ni barua yako. Akitaka kuisoma barazani, mbele ya wajukuu na majirani, na aisome, sina siri humu ndani. Nitakueleza hata yale unayoyajua, tangu mwanzo, na nakuomba usinikatize. Ulikuwa na tabia ya kunikatiza.

Tuanze na jina. Wewe ni Yusuf, mimi ni Josefu, na siku niliyokuja kuomba kazi kwenye karakana yako ya useremala ulicheka mpaka ukatafuta pa kukaa. "Basi wewe ni somo wangu," ukasema. Mimi mtu wa Taita, somo nililolijua ni lile la darasani, nikadhani unataka kunifundisha. Ukanieleza kwamba kwenu watu wawili wa jina moja huitana somo, na kwamba somo hanyimwi kitu wala hanuniwi zaidi ya siku moja. Hilo la kwanza ulilitimiza. La pili, somo, hukuliweza hata kidogo.

Nilikuwa nimetoka kiwanda cha plaiwudi, ambako kazi yangu ilikuwa gundi. Kila asubuhi nilipewa vipande vilivyogundishwa jana yake nivivunje, halafu nitazame vimevunjikia wapi. Ulishangaa sana. "Waliajiri mtu wa kuvunja?" Nikakueleza kwamba pale ndipo gundi inaposema ukweli. Kiungo kizuri ukikivunja, mbao ndiyo huchanika na gundi ikabaki imeshika, na ukitazama pande zote mbili unaona nyuzi za mti zimeng'oka na kunata upande wa pili. Kiungo kibaya huachana kwa adabu. Pande zote mbili zinatoka safi, na gundi inang'aa kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Ulinipa vipande viwili vya mkangazi, nikavigundisha, kesho yake ukavivunja mwenyewe kwa nyundo. Ukatazama ule mpasuko kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka kwetu bila kipande chake cha kuvunjwa, kilichokatwa kutoka ubao ule ule na kupakwa gundi saa ile ile. Wateja walidhani tuna wazimu.

Mimi nilijua gundi, lakini mti ulikuwa wako. Ulikuwa unaushika ubao, unaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni na kunionyesha ule upande uliokatwa, vitundu vidogo vimejaa kama ncha za mirija. "Huku mti wanywa," uliniambia. "Ukiupaka gundi huku, yote yazama ndani, juu hapabaki kitu. Upake ubavuni." Nilikuwa nimeyasikia hayo kiwandani kwa maneno makubwa makubwa, lakini kuyaona ndani ya kipande cha mvule nilichokishika mkononi kulikuwa ni jambo jingine. Ulinifundisha pia kwamba mti mzito una nafasi ndogo ndani yake, gundi haipati pa kuingia, kwa hiyo usikaze klampu ya kubania mbao kama mtu anayekamua nguo. Ukikaza sana gundi yote inatoka pembeni, na kiungo kinabaki na njaa.

Tulibishana juu ya mvule karibu kila wiki. Mvule una mafuta yake mwenyewe. Ukiupiga randa leo ukauacha, yale mafuta hupanda polepole mpaka juu, na kesho ukiupaka gundi ni kama umeipaka kwenye sahani iliyokaangiwa samaki. Gundi yetu nyeupe ni ya maji. Mbao na maji vinapendana, kila uzi wa mti unavuta maji kwake, na gundi huingia ikifuata maji hayo. Mafuta yakikaa katikati, mapenzi hayo hayafanyiki. Nilikufundisha kudondosha tone moja la maji juu ya ubao. Likizama na kutanda, paka gundi. Likisimama kama shanga, rudi kwenye randa. Ulisema ni mchezo wa watoto, lakini nilikuwa nakuona ukifanya hivyo ukidhani sikuangalii.

Sasa nakuja kwa Neema, binti yangu.

Unamkumbuka alipokuwa na miaka minne. Alikosa hewa siku ya kuzaliwa, na hospitali wakatuambia ni mtindio wa ubongo. Shingo yake haikukaza, mgongo haukukaza, mikono ilikwenda ilikotaka. Wakesho, mke wangu, alimlisha akiwa amemlaza kwenye mkono, na kila mara uji ulikwenda njia ya pembeni, mtoto akapaliwa, midomo ikageuka rangi. Mimi nilikuwa natoka nje. Sikuweza kusikia kikohozi kile.

Daktari wa viungo alitueleza kwamba mtoto huyu anaweza kula bila kupaliwa, na anaweza kutazama dunia kama watu wengine, akikalishwa wima sawasawa: nyonga zisukumwe nyuma kabisa, miguu ipate pa kukanyaga, mbavu zishikwe pande mbili, na kuwe na kimeza cha kuwekea mikono. Alituchorea. Nilikuja na mchoro ule kwako, ukauliza nani kauchora, nikakwambia daktari wa viungo. Ukajipiga kifua. "Na mimi pia ni daktari wa viungo!" Wakesho alicheka siku hiyo, na alikuwa hajacheka muda mrefu.

Tuliamua kutumia mvule, kwa sababu Neema alikuwa anajikaza ghafla kwa nguvu ambazo hukuzitarajia kwenye mwili ule, na mti laini ungeachia. Siku za katikati ya wiki tulikuwa na milango na vitanda vya watu. Ijumaa mchana wateja hawaji, kwa hiyo Ijumaa ikawa siku ya kiti. Asubuhi tulikata ndimi za mbao na matundu ya kuzipokea. Wewe ukaenda msikitini, ukarudi, ukapiga randa mbao za upande wako mara ya mwisho, ukapitisha kiganja juu ya kila ubao, ulimi na yote, kama ulivyopenda kufanya, taratibu, mbele na nyuma, mtu angedhani unampapasa paka. Kisha tukagundisha. Mkono wa kushoto wa kiti ulikuwa wangu, niliupiga randa mwenyewe, wa kulia ulikuwa wako.

Kipande cha kuvunja kilikuwa changu, nilikigundisha mimi. Kilichanika vizuri kabisa, mti kwa mti.

Neema alikaa. Naikumbuka sura ya Wakesho alipomwona mtoto wake kwa mara ya kwanza akiwa mbele yake, ana kwa ana, badala ya kumwona kutoka juu. Akamlisha uji, mtoto akameza.

Haikupita wiki, mkono wa kulia wa kiti uling'oka. Neema alijikaza, ulimi wa mbao ukatoka kwenye tundu lake kama jino bovu, mtoto akalala ubavu na mdomo ukagonga kimeza. Damu haikuwa nyingi. Lakini ulipoletewa habari ulikaa chini kwenye maranda, kofia mkononi, na hukutaka chai.

Tuliurudia, tena Ijumaa. Ukang'oka tena, mkono ule ule.

Hapo ndipo tulipogombana kweli. Nilikwambia ni mvule wako, mafuta yamepanda. Ukaniambia, "Mafuta yapande saa ngapi, somo, na randa nimeipitisha hapa mbele ya mato yako? Hino gundi yako imelala." Nikakwambia gundi ni ile ile iliyoshika mkono wa kushoto. Ukasema basi huenda mkono wa kushoto nao uko njiani. Majirani nao hawakutusaidia. Yule mama wa maandazi alimwambia Wakesho kwamba mtoto ana kitu kisichotaka akalishwe, ampeleke akasomewe. Wakesho alikuja na vile vipande viwili mkononi, hasira zimemjaa. Alituambia wazi, sisi mafundi wawili, kwamba kiti kikiachia mara ya tatu hatamkalisha tena mtoto wake juu ya mti wowote. Atamshika mwenyewe kwenye mikono yake mpaka mikono ichoke.

Niliogopa, somo. Nilijua atafanya hivyo. Na nilijua pia Neema anakua, na kwamba mikono ya mama ina mwisho.

Wakesho aliweka vile vipande juu ya benchi. Nikauchukua ule ulimi, nikautazama. Ulikuwa safi, unang'aa, hauna hata uzi mmoja ulioshika. Yeye akauchukua kutoka kwangu, akausogeza puani. Sijui kwa nini alifanya hivyo, nadhani ni kwa sababu yeye hunusa kila kitu, hata maziwa yaliyotoka sasa hivi kwa ng'ombe. Akakunja uso.

"Mbona mbao hii inanukia msikiti?"

Nilidhani anatukana. Akanipa. Nikanusa, na kweli, ndani ya ule mpasuko, chini ya harufu ya mvule, kulikuwa na udi. Nikakupa wewe. Ulinusa ulimi, ukanusa tundu, halafu polepole ukanusa kiganja chako.

"Subhanallah," ukasema.

Yule mzee anayesimama mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa na kichupa chake. Kila anayetoka anapakwa mafuta ya udi kidogo nyuma ya mkono, naye anayasugua viganjani, anajipaka ndevuni, anashikana mikono na watu wote hadi barabarani. Kisha unarudi kwenye karakana na viganja vyako vizuri hivyo, unapiga randa, na kwa sababu unampenda mtoto kuliko milango ya watu, unaupapasa ubao wake mara nyingi kuliko ubao mwingine wowote. Milango ya watu ilipona kwa sababu tuliigundisha Jumanne. Mkono wa kushoto na kipande cha kuvunja vilipona kwa sababu nilivishika mimi.

Tulihakikisha, maana hatukuwa watu wa kuamini pua peke yake. Ijumaa iliyofuata uliporudi kutoka msikitini nilikuwekea vibao viwili vilivyotoka kwenye randa muda ule. Kimoja nikakwambia usikiguse, cha pili nikakwambia ukipapase kama kawaida yako. Nikadondosha maji. Kwenye kile cha kwanza tone lilitanda na kuzama. Kwenye cha pili lilisimama, duara, linatutazama. Tulivigundisha hivyo hivyo, na vilipokauka tukavivunja. Sina haja ya kukueleza vilivunjikaje.

Nilidhani utakasirika. Ulikwenda kunawa kwa sabuni, ukarudi, ukanawa tena. Ukauliza kama sabuni inatosha. Nikakwambia inatoa karibu yote, lakini yale yaliyoingia kwenye mikunjo ya ngozi yanatoka polepole, na sikutaka "karibu yote" kwenye kiti cha mtoto. Basi Wakesho akasema, kwa upole sasa, "Si umwambie tu mzee wa mlangoni kwamba leo hutaki?"

Ulimtazama kama mtu aliyeambiwa avue kanzu barabarani. "Manukato hayakataliwi, mwanangu. Mtu amekunyooshea mkono na kitu kizuri, utamwambia sikitaki?" Kisha ukanigeukia mimi. "Ijumaa mimi sishiki gundi. Gundi shika wewe. Mimi nipe mtoto."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa miaka yote iliyofuata. Mkono wa kulia nikaugundisha mimi, ukashika, na Neema akakaa kwenye kiti kile hadi nguo alizokaa nazo mwanzo zikapewa watoto wa wengine. Akala. Akanenepa kidogo. Kikohozi kile sijakisikia tena ndani ya nyumba yangu, na kwa hilo tu, somo, ningekuandikia barua hii hata kama tusingekuwa na jambo jingine la kukumbuka.

Na kila Ijumaa ulirudi kutoka msikitini unanukia, ukaketi kwenye kigoda mbali na benchi, Neema mapajani, kichwa chake kwenye ndevu zako zenye mafuta. Mimi napaka gundi, nyinyi mnazungumza. Nasema mnazungumza, ingawa mzungumzaji alikuwa mmoja. Ulimweleza yote: huu mvule una mawe ndani yanayokula meno ya msumeno, huo mbambakofi una rangi ya manjano itakayokuchafulia nguo, ule mti wa bara unatoka utomvu kwenye vifundo vyake na hapo gundi haikai. Ulimsimulia nani kamuoa nani Kisauni, na kwa nini hawakualikana. Ulimwita, "Neema!" na ukajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Abee!" halafu ukamsifu kwa adabu zake. Nilikwambia acha kelele, nahesabu muda wa gundi. Ukasema gundi haina masikio.

Watu walikuuliza unajisumbua nini na mtoto asiyesema. Ulikuwa unawajibu, "Yuwasikia huyu. Maneno yamo ndani, hayajapata pa kutokea." Siku moja ulipomwita alitoa sauti, "be," na maziwa yakamtoka mdomoni. Ulinyanyuka naye ukazunguka karakana nzima ukitangaza. Mimi nilisema ni kucheua tu. Tulinuniana siku mbili.

Halafu ukaanza kusahau.

Mwanzoni nilidhani ni uzee wa kawaida, penseli uliyoiweka sikioni ukiitafuta mezani. Kisha nikakukuta na ubao wa mlango wa mteja, unaupiga randa, maranda yamefika magotini. Ulikuwa umeumaliza asubuhi. Ukausahau, ukaanza upya, ukasahau tena, mpaka ukabaki mwembamba kiasi cha kupenyeza mwanga kwenye kifundo. Nilikuita, ukatabasamu, ukaniambia, "Mzuri, ee? Laini." Ulikuwa laini kweli. Nikauweka nyuma ya kabati na nikamkatia mteja ubao mwingine.

Ijumaa moja ulitoka msikitini ukaja moja kwa moja kwenye benchi, ukachukua brashi ya gundi. Nikaitoa mkononi mwako. Ukauliza kwa nini. Nikakueleza habari ya mafuta, ukacheka sana, ukasema ni kisa kizuri, kimempata nani? Nikaenda nje kusimama na malori.

Rukia alipokuja kukuchukua nilimsaidia kufunga mizigo, na nilifanya kila kitu vizuri, nilitania hata. Uliondoka umevaa kanzu safi, ukanipungia kama mtu anayekwenda dukani. Sikufichi, somo, nimekukasirikia. Najua huna kosa. Lakini ulikwenda na ile nusu ya kazi ambayo mimi sina. Naushika ubao, nauinua kwenye mwanga, naona vitundu, ila hakuna wa kuniambia nimekosea. Nabishana peke yangu, na ubishi wa mtu mmoja hauna ladha.

Sasa nikwambie ya hivi karibuni, maana hayo huyajui.

Neema amekuwa msichana. Magoti yanagonga kimeza, mabega yamepita ubao wa nyuma. Daktari wa viungo, si yule wa zamani, ni kijana mpya, alituambia kiti hiki kimeanza kumkunja, na akikunjika mapafu yatabanwa na kula kutarudi kuwa shida. Inabidi kiti kipya. Alituchorea, nikauweka mchoro kwenye benchi, na kwa wiki nzima nilifanya milango ya watu.

Niliogopa. Mtoto mdogo akianguka anaanguka na uzito mdogo. Huyu sasa anakaribia urefu wa mama yake, na bado akijikaza anajikaza kwa mwili wote. Mkono wa kiti chake unavutwa, unasukumwa, unapindwa, kutwa nzima, na mvua zikija mbao inavimba kwa upana bila kurefuka, kiangazi inarudi, na kila mara inauvuta ule ulimi ndani ya tundu lake. Nayajua hayo yote. Nilikuwa nikiyajua wewe ukiwa pale, na yalikuwa hayanitii hofu.

Wakesho ndiye aliyenisukuma. Aliingia karakana, akauchukua ubao wa mvule kutoka ukutani, akaunusa, akaulaza juu ya benchi. "Huu haunuki kitu," alisema. "Anza."

Nilianza. Nilikata ndimi ndefu zaidi, zipate ubavu mwingi wa kushika. Nilipiga randa na kupaka gundi papo hapo, sikuupa mvule nafasi ya kujipaka mafuta yake. Wakesho alinawa mikono akawa ndiye mwenye klampu, nami nikamwambia kaza, basi, inatosha, usiikamue. Kipande cha kuvunja nilimwachia yeye avunje. Kilichanika vibaya sana, nyuzi zimetapakaa pande zote, akanionyesha.

Ilikuwa Ijumaa tulipomkalisha. Sikupanga, ndivyo ilivyoangukia. Watu walikuwa wanatoka msikitini, wanapita mbele ya mlango na ile harufu yao, na Neema akageuza kichwa kuwafuata mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anakutafuta. Tulimsukuma nyonga nyuma, tukamfunga mshipi, tukamwekea miguu kwenye kibao chake. Wakesho akasogea mbele amtazame. Mimi nikasimama nyuma nimeishika mikono ya kiti, wa kulia na wa kushoto, kwa nguvu zangu zote, kama vile gundi ilikuwa mimi.

Alikaa. Nami nikaendelea kushika. Wakesho akasema tayari, Baba Neema, kimeshika. Nikasema ngoja kidogo. Akanitazama. Nikasema ngoja.

Neema akaanza kuhangaika. Mdomo ulifunguka, ukafunga, shingo ikakaza, na nikadhani anapaliwa. Lakini alikuwa anatafuta kitu. Alikitafuta kwa muda mrefu, uso wote ukifanya kazi. Kisha akakileta, kipande kwa kipande, na kilikuwa neno zima.

"Ni-wa-te."

Wakesho hakulielewa mara moja. Sisi nyumbani tunasema niache. Mimi sijawahi kulitamka hilo neno lenu maishani, wala mama yake, wala shuleni kwao hawalisemi. Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akimzungumzia Kimvita mtoto huyu, Ijumaa baada ya Ijumaa, wakati mimi nikimwambia anyamaze.

Basi nikawata.

Bado amekaa, somo. Yuko hapa nyuma yangu ninapoandika, mikono juu ya kimeza, anatazama malori. Rukia akikusomea mpaka hapa na jua likawa limeshapanda, aanze tena kesho asubuhi. Nawe ukiuliza kisa hiki kimempata nani, akwambie kimetupata sisi.

Wakesho anakusalimu. Neema nimemuuliza kama ana salamu, amenyanyua mkono.

Nakuacha mikononi mwa Mungu, wangu na wako.

Somo wako wa Chaani,
Josefu